Hodi Yenye Nukta Mbili

Simu iliita saa mbili usiku. Mwezi wa kumi Mtwara, simu ya saa hiyo ni ya korosho, hata kama anayepiga ni shemeji yako. Huyu alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi kimoja upande wa Tandahimba, mmoja wa makarani tisa waliokubali kupima magunia kwa programu niliyoiandika mimi badala ya kutegemea kalamu na daftari peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatuletea kitu cha zamani?"

Sikumwelewa. Mchana ule nilikuwa nimetoa toleo jipya lenye dawa ya tatizo lililowasumbua wote: printa ya risiti ilikuwa inakatika kila baada ya gunia la nne au la tano. Nikamwambia hiyo ndiyo mpya, aishushe kabla hakujakucha.

"Mpya vipi? Mimi nina moja nukta tisa. Hii unayotaka niishushe ni moja nukta kumi. Kubwa ipi?"

"Kumi, mzee."

Akacheka kile kicheko cha kumhurumia msomi. "Mwanangu, mimi niko kwenye mizani tangu wewe hujaota meno. Moja nukta tisa ni kilo mbili kasoro gramu mia. Moja nukta kumi ni kilo moja na gramu mia. Bando langu silichomi kurudi nyuma."

Akaniaga vizuri, akaenda kulala. Kesho yake printa ilimkatikia mara kumi na moja. Najua, kwa sababu alinihesabia.

Nimeandika programu huria kwa miaka kadhaa sasa na nilidhani jambo gumu ni msimbo. (Wenzangu wanauita kodi. Mimi nimeacha, ukitamka kodi mbele ya mkulima wa korosho, mkutano umeshavunjika.) Kumbe kilichonipa aibu kubwa kuliko vyote ni zile namba tatu ndogo zenye nukta mbili katikati, kama 1.10.0, ambazo nilikuwa naziandika dakika ya mwisho kabla ya kufunga kompyuta.

Mzee alikuwa na haki yake. Kwa mtu anayesoma mizani kutwa, nukta ni nukta ya desimali. Kwenye namba ya toleo nukta ni uzio tu. 1.10 maana yake ni la kwanza, ndani yake la kumi, kama sura na aya: sura ya pili aya ya kumi inakuja baada ya aya ya tisa, na hakuna msomaji wa msahafu wala wa Biblia anayebisha. Wiki iliyofuata nilimweleza hivyo hivyo. Akatulia, kisha akasema, "Basi andika aya. Usiandike nukta."

Tena si yeye tu. Kompyuta yenyewe ukiiambia ipange majina ya matoleo kama inavyopanga maneno, itaiweka 1.10 kabla ya 1.9, kwa kuwa inaangalia herufi moja moja na 1 inatangulia 9. Ndiyo maana mifumo ya vifurushi, ile inayosakinisha na kusasisha programu, imeandikiwa kanuni zake za kulinganisha matoleo. Watu wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wamefika mbali zaidi, wameacha nafasi ya namba ya ziada mwanzoni, ikifuatwa na nukta pacha, ambayo kazi yake kubwa ni kumsitiri aliyekosea kuhesabu. Tuseme ulitoa toleo ukaliita 2024, baadaye ukatubu ukataka kurudi 1.5. Unaandika 1: mbele yake, na hiyo inayashinda yote yaliyotangulia. Ila ukishaiweka haitoki. Kila toleo lako litakalofuata litaibeba, na wapita njia watajua siku moja ulipotea.

Niseme kidogo programu yenyewe ni nini. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za huku zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa na kupangwa daraja, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, ndipo malipo yanakuja. Kati ya kupima na kulipwa, kinachomsemea mkulima ni karatasi tu. Karatasi ile ni pesa ambayo haijaiva. Msimu wa 2019/2020 nilitengeneza programu ya simu inayosikiliza mizani ya kidijitali kwa bluetooth, inasubiri namba itulie, inaandika uzito na daraja, inachapa risiti. Kipande cha kusikiliza mizani nilikitenga kama maktaba, nikaiweka npm, ghala la mtandaoni la maktaba za namna hiyo, ili waandishi wengine waichukue bure, waibadilishe watakavyo. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza: programu ya makarani na maktaba ya waandishi zote nilizipa namba moja. Zilizaliwa siku moja, nikazivalisha sare kama mapacha.

Kanuni ya namba za matoleo niliyodai kuifuata inaitwa SemVer. Iliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, na kanuni zenyewe zina namba yake, 2.0.0, ya mwaka 2013. Mimi nimekuja kuielewa kama hodi. Namba ya tatu ikipanda, ni jirani anarudisha ungo. Hata usiinuke, atauacha mlangoni. Ya kati ikipanda, ni mgeni kaja na zawadi. Ukitaka utaifungua, usipotaka nyumba yako iko vile vile. Ya kwanza ikipanda, inuka, vaa, toka nje, kuna kabati linahamishwa na huenda mlango ukang'olewa. Kwetu pwani hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Tofauti ni kwamba programu haiondoki. Inaingia.

Iliingia Lindi, mwezi wa sita mwaka 2022.

Huko yuko mwenzangu anayeandika programu za ufuta, ambao nao unapita kwenye stakabadhi ghalani. Aliichukua maktaba yangu, na kwenye orodha ya vitu anavyovitegemea akaandika ^1.6.0. Kile kikofia cha mbele hakukibuni yeye. Npm yenyewe humwandikia kila mtu. Maana yake: niletee chochote kipya, mradi namba ya kwanza isibadilike. Ni imani kubwa hiyo. Unamwachia mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba kwa sababu kasema atabisha hodi akitaka kuhamisha kabati.

Mwezi huo huo nilikuwa nimegundua dhambi yangu ya zamani. Mizani zile zinasoma kwa hatua za gramu 10, lakini karatasi inaandika desimali moja. Maktaba yangu ilikuwa inakata: kilo 83.47 inakuwa 83.4. Si kukadiria, kukata. Ukipiga wastani, kila gunia lilikuwa linapoteza gramu 45. Kidogo, lakini zote zinapotea upande mmoja, na upande huo ni wa mkulima. Nilijisikia vibaya sana. Nikarekebisha usiku ule ule, 83.47 ikawa 83.5, nikaandika "marekebisho ya kosa la kukadiria", nikaipa 1.6.1. Ungo umerudishwa, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi mchana mwenzangu akaijenga upya programu yake ili abadilishe nembo tu. Hakuwa ameweka faili la kufuli, lile linaloshikilia matoleo yasisogee, kwa hiyo kikofia kikafanya kazi yake na 1.6.1 ikaingia. Asubuhi ile magunia 412 yalikuwa yameshapimwa na wakulima wameondoka na risiti zao, za hesabu ya kukata. Jioni karani akachapa jumla ya siku. Programu ilikuwa inahifadhi uzito halisi wa mizani na kupiga hesabu wakati wa kuchapa, kwa hiyo jumla ikatoka kwa hesabu mpya. Risiti za wakulima zikijumlishwa, na karatasi ya jumla ya chama, zikapishana kilo 20 na ushee.

Angalia zimepishana upande gani. Karatasi ya chama ilikuwa kubwa kuliko risiti. Yaani kilo 20 za ufuta zimeonekana mikononi mwa chama bila mwenyewe. Mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa picha hiyo inafananaje. Watu wameumizwa na kangomba miaka mingi, wanunuzi wa kichochoroni wenye vipimo vyao wenyewe; pua zao kwenye habari ya mizani ni kali kuliko za polisi. Katibu aliwekwa kitako hadi usiku akijibu maswali ambayo hakuwa na jibu lake. Jibu lilikuwa Mtwara, limelala usingizi wa mtu mwema.

Mwenzangu alinipigia saa sita usiku. Hakunitukana. Alinisalimia kwanza, akaniuliza hali ya watoto, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilijitetea. Nikamwambia lilikuwa kosa, nimelirekebisha, na kanuni inasema marekebisho ya makosa ni namba ya tatu. Akanijibu kwa upole, "Kaka, kosa lako mimi nilishalijengea nyumba." Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili wenzetu wameshalipa jina. Hyrum Wright, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Google, ndiye sheria hii inaitwa kwa jina lake: watumiaji wakishakuwa wengi, kila tabia ya programu yako inayoonekana itapata mtu anayeiegemea, uwe uliiahidi au hukuiahidi. Kukata desimali sikukuahidi popote. Lakini kulionekana kwenye kila risiti, kwa hiyo kulishakuwa ahadi.

Tangu usiku ule nina msimamo, na najua wapo wanaoupinga. Namba haipimwi kwa nia ya mwandishi. Sijali kama ulibadilisha herufi moja au ulivunja kila kitu ukaanza upya, wala kama unatoa uovu au unaleta wema. Chukua kazi ya mtu mwingine ya jana, ipitishe kwenye toleo lako la leo. Jibu likitoka tofauti, namba ya kwanza ipande. Mimi nilibadilisha mstari mmoja, na mstari ule ulistahili 2.0.0. Kuuita 1.6.1 ilikuwa kangomba ya aina yake: bakuli limeandikwa kilo, ndani kuna kingine.

Kwa nini sikuiita 2.0.0 tangu mwanzo? Nitasema ukweli. Nilikuwa naitunza ile 2.0 kama kitenge cha Idi. Nilitaka siku ikitoka iwe na sura mpya, rangi mpya, tangazo refu, watu wapige makofi. Kuitumia kwenye mstari mmoja wa kukadiria niliona ni kuifuja. Na nadhani waandishi wengi huria wanaumwa ugonjwa huu: namba ya kwanza tumeigeuza kuwa sherehe, wakati ilikusudiwa kuwa onyo.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kiini cha mifumo mingi huria ya kompyuta, aliponywa ugonjwa huo zamani. Linux ilikaa kwenye 2.6 tangu Desemba 2003 hadi ikafika 2.6.39, na Julai 2011 akaigeuza 3.0 bila sababu yoyote ya kiufundi. Namba zilikuwa zimerefuka na Linux ilikuwa inatimiza miaka 20. Hakuna kilichovunjwa ndani. Ajabu ni kwamba kilichovunjika kilikuwa nje: programu nyingine zilizozoea kusoma 2.6 zikachanganyikiwa kuona 3, hadi ikabidi Linux iongezewe hali maalumu ya kudanganya, ili ikiulizwa na programu hizo ijibu 2.6.40. Namba tupu, isiyobadilisha chochote, nayo ilikuwa na watu walioijengea nyumba. Ilipofika 5.0 mwaka 2019, Torvalds aliitania tu kwamba vidole vya mikono na miguu vimemwishia kuhesabia. Firefox, kivinjari cha mtandao, nao mwaka huo wa 2011 waliuanza wakiwa na 3.6 wakaumaliza na 9. Kisha kuna Donald Knuth na TeX yake, programu ya kupangia maandishi ya vitabu, ambaye kila toleo huongeza tarakimu moja ya pai: 3.14, 3.141, na sasa iko 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa, toleo la mwisho liitwe pai kamili, na makosa yatakayokuwa yamebaki yahesabiwe kuwa sehemu ya programu. Huyo amefunga mlango wa hodi kabisa, na kwa kitu alichokitengeneza, nadhani anaweza.

Mimi sikuwa Torvalds wala Knuth. Nilikuwa mtu mwenye aibu. Kwanza nilijaribu kuifuta 1.6.1 niiweke upya ikiwa safi. npm haikubali: namba ikishatumika imetumika, hata ukiifuta huwezi kumvisha mwingine jina la marehemu. Nikatoa 1.6.2 inayorudisha ukataji. Yaani nilirudisha dhuluma ya gramu 45 kwa makusudi, ili karatasi zilingane msimu uishe. Kisha nikaitenga maktaba na programu, nikaipa jina jipya, na namba nikaanzia 0.1.0.

Sifuri ni mahali pazuri pa kujificha. Kanuni inasema mbele ikiwa sifuri, lolote linaweza kubadilika wakati wowote, usilalamike. Nikakaa humo miaka mitatu. 0.2, 0.5, 0.11, 0.17. Nilivunja vitu nilivyotaka, na kila aliyelalamika nilimwonyesha ile sifuri kama mtu anayeonyesha cheti cha daktari. Nilijifariji kwamba siko peke yangu: Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, walihangaika miaka 15 kabla ya kutoa 1.0 mwaka 2008, na Inkscape, programu ya kuchorea iliyoanza 2003, ilifika 1.0 mwaka 2020.

Aliyenitoa humo hajawahi kuandika programu hata moja. Ni mjomba wangu, kaka wa mama, na sisi kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Nilikuwa Mikindani nyumbani kwake, tumekaa barazani, namwonyesha kazi yangu kwenye simu kwa kuwa aliuliza, si kwa kuwa nilitaka. Akaona 0.17.3. Akauliza sifuri ya nini.

Nikamweleza kwamba ni alama ya kitu ambacho hakijakomaa.

"Ana umri gani?"

"Miaka mitatu, mjomba."

"Na kazi anafanya?"

"Anapimia watu korosho. Lindi anapima ufuta."

"Basi huyo si mtoto," akasema. "Huyo ni mwari mliyemsahau kumbini. Kapona zamani, anajua nyimbo zote, anawindia watu nyama. Ila mnaogopa gharama ya ngoma ya kumtoa."

Asiyekulia huku huenda asiuone uzito wake. Kijana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la utotoni halitajwi tena. Kumwita kwalo ni kumtukana. Mjomba alikuwa ananiambia kwamba nimekuwa nikimtukana mtu mzima miaka mitatu. Na kanuni zenyewe, nilipozisoma tena usiku ule, kwenye maswali na majibu zinasema jambo lile lile kwa baridi zaidi: kama programu inatumika kwenye kazi halisi, huenda ilipaswa kuwa 1.0.0 tayari.

Usipoitoa wewe, mwingine atakutolea. Debian hawana toleo la 1.0. Mwishoni mwa 1995 muuzaji mmoja wa CD alichukua kazi yao ikiwa bado jikoni, akaichapa na kuiuza kwa jina la Debian 1.0. Wao walipokuwa tayari mwaka 1996, ikabidi waiite 1.1 ili watu wasichanganye.

Nimeisema maktaba, sijaisema programu ya makarani. Hiyo nayo ilikuwa kesi nyingine, na ndipo nilipokubali kwamba SemVer si dawa ya kila homa. Kanuni ile inadhani mwenye kubishiwa hodi ni mwandishi mwenzako, anayeita vipande vya msimbo wako kwa majina ndani ya msimbo wake. Karani haiti chochote, anabonyeza. Kwake yeye kuhamisha kitufe cha kuchapa kutoka kulia kwenda kushoto ni kabati limehamishwa, hasa kukiwa na foleni ya watu sitini na jua limesimama utosini. Lakini kubadilisha namna data inavyohifadhiwa ndani, jambo lililonichukua miezi miwili, hakuliona kabisa. Na swali analotaka namba imjibu ni jingine: hii inastahili bando langu, na inaenda na msimu huu?

Msimu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kila karatasi ya korosho tangu nizaliwe. Huku hakuna anayesema mwaka. Watu wanasema msimu wa 2022/2023, kwa kuwa mnada unaanza mwezi wa kumi na kuvuka mwaka. Nikaiita programu ya makarani kwa msimu, kisha hesabu ya moja, mbili, tatu. "Msimu 2023/24, la 3." Hakuna nukta hata moja. Nilimpigia mzee wa Tandahimba kumuuliza kati ya la 9 na la 10 ipi mpya. Akaniuliza kama nimeanza kuumwa.

Kuhesabu kwa kalenda si uvumbuzi wangu. Toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo mwingine huria wa kompyuta, lilikuwa 4.10 kwa kuwa lilitoka mwezi wa kumi 2004, na LibreOffice, programu za kazi za ofisini, waliruka kutoka 7.6 hadi 24.2 mwanzoni mwa 2024. Ubaya wake ni kwamba tarehe ni ahadi mbaya kuliko namba. Ubuntu iliyotarajiwa Aprili 2006 ilichelewa hadi Juni, na jina likabadilika kutoka 6.04 kuwa 6.06, ukiona 06 hiyo unaona ucheleweshaji umeandikwa pajini. Msimu una huruma zaidi. Msimu ukichelewa, na programu inachelewa nao.

Nyuma ya pazia bado ipo namba nyingine ambayo karani haioni. Android inataka kila toleo liwe na namba nzima, isiyo na nukta, inayopanda tu. Ukileta ndogo kuliko ya jana Play Store inakurudisha mlangoni. Ukomo wake ni 2,100,000,000. Mimi naiandika kwa mwaka, mwezi, siku, na tarakimu mbili za hesabu ya siku hiyo, kwa mfano 2025100301. Inatosha hadi mwaka 2099. Wajukuu zangu watajua cha kufanya mwaka 2100, nami nawaombea msamaha mapema.

Maktaba niliitoa kumbini mwaka 2025, kabla mnada haujaanza. Kati ya 0.17.3 na 1.0.0 sikubadilisha msimbo hata mstari mmoja. Nilichoongeza ni ukurasa mmoja wa maelezo ambamo nimeandika, kwa mara ya kwanza, maktaba inakadiria vipi: kwenda desimali ya karibu, nusu inapanda, na hilo likibadilika siku yoyote namba ya kwanza itapanda hata kama ni kitu pekee kilichobadilika. Kesho yake nilitoa 1.0.1, maana ukurasa huo huo nilisahau kuufungasha. Nilijifariji na curl, programu ya kuhamishia data mtandaoni: walitoa 8.0.0 tarehe 20 Machi 2023, siku ya kutimiza miaka 25, na 8.0.1 ikafuata siku hiyo hiyo kwa ajili ya hitilafu.

Mwenzangu wa Lindi aliiweka. Ameandika 1.0.1 kamili, bila kikofia. Sikumuuliza.

Ila alinitumia ujumbe baada ya kuiona programu ya makarani, ambayo alitaka kuijaribu kwa chama kimoja cha kwao. "Kaka, hongera. Lakini huku ufuta unaanza mwezi wa sita na kuisha kabla ninyi hamjaanza. Hii 2025/26 yako ni msimu wa nani?"

Nilikaa nayo siku nne. Nimempa tawi lake, linaitwa "Ufuta 2026, la 1", na sasa nina hesabu mbili za programu moja, jambo ambalo niliapa sitalirudia.